Kihangaza cha Kwandu

Siku ya kumi na nne tangu Anatoli aanguke kutoka juu ya paa la jiko la mama yake, familia yake ilikuwa bado inamhutubia.

Hakuna neno jingine la kuliita jambo lile. Daktari alikuwa amewaambia, "Amepoteza fahamu, lakini zungumzeni naye. Mwambieni mambo ya nyumbani, hata kama haonyeshi kusikia." Wakaitikia ndiyo daktari, kisha wakajipanga kando ya kitanda kama watu waliokuja kutoa risala. Alianza mama mzazi, Marsiana, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke ambaye akiwa kwake Lukole husikika hadi shamba la tatu. Alikaza kilemba, akakohoa, akasema kwa Kiswahili, "Anatoli. Sisi mama yako na ndugu zako tunakusarimu. Tunakutakia hari njema. Asante." Akakaa. Akafuata Scola, dada wa mgonjwa, fundi cherehani, naye akamweleza kaka yake hali ya mvua kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Anatoli alilala vilevile, mpira puani, bandeji kichwani.

Hakuna aliyewaamuru waseme Kiswahili. Ni adabu tu. Hospitali ni kama shule au ofisi ya mtendaji: ukivuka geti unazungumza lugha ambayo kila mtu anaielewa, hasa ukiwa na manesi waliotoka Dodoma na madaktari waliotoka Moshi. Kihangaza chao walikiacha nje pamoja na tope la viatu, na haikumpitia yeyote akilini kwamba Anatoli hajawahi kusikia mama yake akimwambia "asante" kwa Kiswahili tangu azaliwe.

Kwandu, mkewe, ndiye pekee ambaye kwake Kiswahili hicho kweli hakikuwa ajabu. Yeye hakuwahi kuzungumza na mumewe kwa lugha nyingine. Kwandu ni Msukuma wa Nemba, Biharamulo, na Anatoli ni Mhangaza wa Lukole, Ngara. Walikutana Lusahunga, kwenye njia panda, yeye akiwauzia madereva wa malori wali na samaki, Anatoli akiziba pancha ng'ambo ya barabara. Kiswahili ndicho kilichowatongozesha, ndicho kilichowagombanisha na kuwapatanisha kwa miaka tisa, na ndicho walichomlelea binti yao, Nice. Walipohamia Lukole miaka mitatu iliyopita, Kwandu alijaribu Kihangaza mara moja tu, kisimani. Wanawake walicheka mpaka mmoja akatua ndoo. Kwandu ana kiburi cha kuwatosha watu wawili. Aliapa kwamba lugha ile haitatoka tena kinywani mwake, na kiapo hicho alikitunza vizuri kuliko sahani zake za harusi.

Basi siku hiyo ya kumi na nne Marsiana alikuja na chupa ya uji mwepesi, ule ambao nesi humpitishia mgonjwa kwenye mpira. Kifuniko hakikukazwa. Uji ukamwagika mguuni ukiwa wa moto, na mama wa watu akasahau yupo wapi. Alilipuka kwa Kihangaza. Alianza na chupa, akaenda kwa mtu aliyeiuza, akarudi kwa Scola aliyeifunga, halafu, kwa kuwa ulimi ulishashika kasi, akamgeukia mgonjwa mwenyewe. Scola alimtafsiria wifi yake maneno yale baadaye, akiruka machache. Ni mtu mzima gani anayepanda juu ya bati lenye umande amevaa ndala? Tena ndala yenyewe imefungwa waya! Sikukuambia usubiri jua lipande? Umeniachia jiko lina tobo, mvua inanyeshea mafiga, na wewe umejilaza hapa kwenye shuka nyeupe kama bwana harusi!

Nesi Gaudence alikuja mbio kumnyamazisha. Alipofika kitandani akasimama, mkono bado uko hewani.

Anatoli alikuwa amekunja uso.

Hakukunja sana. Ni pale tu katikati ya nyusi, kama mtoto anayesemwa huku anajua kosa ni lake. Lakini Marsiana ameugombeza uso ule kwa miaka thelathini na sita, hakuhitaji daktari wa kumthibitishia. "Anasikia," alisema kwa Kiswahili, kisha akaendelea kugomba kwa Kihangaza, safari hii machozi yakimtiririka, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa mwanawe kikacheza juu ya shuka.

"Endelea, mama," alisema Gaudence. "Mgombeze."

Tangu hapo adabu ya Kiswahili ilivunjwa rasmi. Ndugu walikuja na Kihangaza chao chote: nani anagombania mpaka na nani, mgomba gani umeangushwa na upepo, kwaya gani imepata sare mpya. Gaudence, ambaye hakuelewa hata sentensi moja, alikuwa akiingia zamu anauliza, "Leo ameshagombezwa?" Baada ya wiki Anatoli alifumbua macho. Baadaye macho yakaanza kumfuata mtu anayetembea. Mpira wa puani ukatolewa. Na siku ya ishirini na tisa, saa nne asubuhi, akiwa ameegemezwa kwenye mito miwili, alisema, "Amazi."

Neno hilo hata Kwandu alilijua. Alimletea maji mwenyewe, akamshikia kikombe. Anatoli alikunywa, akamtazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa unamtii. Furaha iliyompata Kwandu haielezeki. Aliona mambo yameisha. Akainama akaanza kumwaga yote aliyomwekea kwa mwezi mzima: Nice ameshika nafasi ya nne darasani, mbuzi amezaa mapacha, yule fundi mwenzio wa Lusahunga alipiga simu akilia. Anatoli alimsikiliza kwa heshima sana, kama unavyomsikiliza mgeni ambaye lugha yake huijui. Kisha akamgeukia mama yake na kuuliza kitu.

Marsiana alitazama chini.

"Amesema nini?" Kwandu aliuliza.

"Anauriza," alisema Marsiana taratibu, "mke wake anasemaje."

Daktari alikuja, akampima, akawaita nje. Alisema Anatoli anamjua kila mtu, anajua huyu ni mke na yule ni mtoto, ila lugha iliyoingia kwanza kichwani ndiyo iliyotangulia kurudi. Kiswahili kinaweza kurudi kesho, kinaweza kurudi mwakani, kinaweza kurudi nusu. "Nikikuahidi, mama, nitakuwa ninakudanganya," alimwambia Kwandu.

Kwandu alikwenda nyuma ya wodi, kwenye kamba za kuanikia nguo, akalia. Hakulia kwa kuhofia kifo, maana hilo lilishapita. Alilia kwa wivu na woga. Mume amerudi, lakini amerudi kwa mama yake na dada yake, na yeye amebaki mlangoni na shuka mkononi. Miaka yao tisa yote ilisemwa kwa Kiswahili. Kama hakirudi, atazikumbuka na nani? Atakuwa mwanamke mwenye mume anayehitaji mkalimani, na mkalimani mwenyewe ni mama mkwe.

Na mkalimani huyo, jamani! Walipomrudisha Anatoli nyumbani, Marsiana alishika kazi ile kwa mikono miwili. Siku moja Anatoli alisema maneno mawili, matatu ukizidisha. Marsiana akamgeukia mkwewe.

"Anasema ugari kira siku umemchosha, anataka ndizi na maharage. Anasema pia Scora apewe ire kanga ya bruu. Na anasema ingefaa ukiwa unaamka mapema kidogo."

"Mama, amesema maneno mawili."

"Kihangaza kinabana," alijibu Marsiana bila aibu. "Kiswahiri ndicho kirefu."

Kwandu alikunja kanga ya bluu akaiweka chini ya godoro. Alfajiri iliyofuata alimkuta mama mkwe jikoni akimenya ndizi. Bati jipya lilikuwa juu yao, limepigiliwa na fundi wa kijijini mwenye viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Usinitese. Unajua ni nini."

Marsiana aliweka kisu chini. "Wale waliokucheka kisimani siku ire," alisema, "na mimi nilikuwepo. Nilicheka kuliko wote. Nilicheka kwa furaha, mkwe wangu. Nikasema kesho atajaribu tena, tutacheka tena, mwisho atajua. Nikangoja. Miaka mitatu nimengoja."

Kwandu alichukua kisu cha pili, akavuta beseni katikati yao, na Marsiana akainua ndizi moja juu, akaitaja.

Masomo yalifanyika hivyo, beseni katikati. Kilichokuwa mkononi ndicho kilichofundishwa: ndizi, kisu, chumvi, moto, kuni mbichi zisizotaka kushika. Kwandu alikuwa anabeba maneno mapya kutoka jikoni hadi barazani akiyarudia chini ya pumzi, kama mtu aliyebeba mayai, na mara nyingi yalivunjika kabla hajafika. Anatoli alicheka. Alicheka kwa upande mmoja, baadaye kwa pande zote mbili, na mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alisema kicheko kile kinaukaza mdomo kuliko zoezi lolote alilowapa. Nice alikuwa akitoka shule anamsahihisha mama yake mbele ya wageni, kwa raha zote. Kiburi cha Kwandu kiliumia kila siku, na kila siku kilipungua unene.

Mkono wa kulia ulikuwa mzito. Mtaalamu alisema apewe kitu laini cha kufinyafinya, labda mpira wa watoto. Marsiana aliona huo ni upotevu wa nguvu. Alimwekea mwanawe beseni la ndizi mbivu na manyasi, akamwambia akamue juisi, kazi ambayo wanaume wa ukoo wao wanaifanya tangu zamani. Anatoli alikamua akitoa jasho. Wiki ya kwanza yalipatikana matone ya kulowesha kikombe. Wiki ya nne ilipatikana ndoo, na majirani wakaanza kuja kumjulia hali mgonjwa wakiwa na vikombe vyao. Kuhusu miguu, Scola alifunga kamba kutoka nguzo ya baraza hadi mlango wa jiko, na Anatoli akawa anaishika na kutembea, kwenda na kurudi, Kwandu akirudi kinyumenyume mbele yake na kuhesabu hatua kwa Kihangaza. Alijua kuhesabu mpaka ishirini tu. Wakifika ishirini wanaanza upya, na Anatoli hakuwahi kulalamika kwamba anapunjwa.

Mwezi wa tano tangu ajali, alifika Ndassa, kaka yake Kwandu, kutoka Nemba, na gunia la mchele na jogoo wawili waliofungwa miguu. Ndassa ni mtu wa maneno. Alimkumbatia mgonjwa, akaketi, akaanza.

"Shemeji, habali za siku nyingi! Sikiliza. Lile dume langu la kulimia, yule mweupe, si ameingia kanisani Jumapili? Tena wakati wa sadaka. Watu wamepanga mstali, naye akaingia kwenye mstali. Anasogea, anasogea, mpaka kwenye kapu. Mchungaji anamtazama, dume linamtazama. Basi mzee wa kanisa akafungua daftali, akaandika: Ndassa, ng'ombe mmoja!"

Kwandu alikuwa amefungua mdomo atafsiri, anatafuta namna ya kusema mstari, mara akasikia mumewe ameshacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kwandu alimtazama. Ndassa naye alikuwa amesimama katikati ya baraza, bado ameinamisha kichwa kama dume lililofika kwenye kapu, na kwa kweli hata kiziwi angecheka. Kwandu akaacha kujiuliza. Alitafsiri hata hivyo, kwa shida, na Anatoli akacheka tena kwa adabu.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki. Daktari alimwuliza Anatoli kwa Kiswahili jina lake, siku ya leo, idadi ya watoto wake. Anatoli alimtazama Kwandu na kungoja. Kwandu alivuta kiti mbele. Aliuliza kwa Kihangaza, akapokea kwa Kihangaza, akamrudishia daktari kwa Kiswahili: maumivu ya kichwa yamepungua, usingizi upo, mguu wa kulia unachoka mchana. Nesi Gaudence alikuwa amesimama mlangoni na faili, anasikiliza.

"Kumbe na wewe ni Mhangaza?" aliuliza.

"Mimi ni Msukuma," alisema Kwandu, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alijisikia mrefu kiasi kile.

Lakini daktari aliandika kwa muda, akafunga faili, akasema miezi mitano ni mingi. Kama Kiswahili hakijaonyesha dalili mpaka sasa, waanze kujizoesha kwamba huenda kisirudi. Alisema kwa upole. Kwandu aliitikia kwa upole vilevile, na njia nzima ya kurudi Lukole hakusema neno kwa lugha yoyote.

Alasiri walikaa barazani wakipukuchua maharage, maana lile nalo lilikuwa zoezi la vidole. Marsiana na Scola walikuwa ndani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migomba, na Nice alikuwa bado hajarudi shule. Kwandu aliona kama hatasema leo hatasema kabisa. Hakwenda kuuliza neno lolote jikoni. Alitumia yale aliyokuwa nayo, mabovu na mazima, kwa Kihangaza chenye lafudhi ya Nemba.

Alimwambia hivi: Kiswahili kisiporudi, kisirudi. Nimelia vya kutosha, nimechoka kukilia. Mimi nitakuja huko uliko. Nimechelewa kuanza, na ninatembea polepole, na mama yako ananicheka, lakini ninakuja. Nadhani nimefika karibu na mlango.

Vidole vya Anatoli viliacha kupukuchua. Alikaa akitazama ganda lililokuwa mkononi mwake.

"Basi karibu ndani, Mama Nice," alisema.

Alisema kwa Kiswahili. Safi, kile kile cha Lusahunga, cha mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara na pampu mkononi.

Ungo ulimponyoka Kwandu, maharage yakatawanyika baraza nzima, na kuku wakaona neema imewashukia.

"Umesema nini?"

"Nimesema karibu."

"Tangu lini? Anatoli! Tangu lini?"

"Kilianza kurudi vipande vipande, kabla shemeji hajaja na hadithi ya dume lake. Siku ile ndiyo nilijua kimerudi chote."

"Na leo kwa daktari? Nimekaa pale nakutafsiria kama mjinga!"

"Ulikuwa unatafsiri vizuri sana," alisema Anatoli. "Sikutaka kukukatiza."

Kwandu alimpiga na kanga begani, akampiga tena, huku anacheka na kulia kwa pamoja, wala hakujua kipi kinatangulia kipi. Kwa hasira alikuwa na hasira kweli. Wiki nzima ya kukosa usingizi! Lakini mume alikuwa anamsemesha, na kila neno lilikuwa linamwingia mwilini kama chai ya asubuhi.

"Kwa nini ulinifanyia hivi?"

Anatoli alichelewa kujibu. Maneno bado yalikuwa yanamjia kwa zamu.

"Kiswahili si chako, wala si changu," alisema. "Miaka tisa tumekuwa tunakutana barabarani, Kwandu. Barabara ni nzuri, siilaumu. Lakini hujawahi kuja nyumbani. Nilipoamka nikakukuta unakuja, unataja chumvi, unataja kuni. Nikaogopa. Nilijua nikitamka neno moja tu la Kiswahili, utageuka urudi."

Ilikuwa kweli, na Kwandu alijua. Angegeuka siku hiyohiyo, angeacha beseni na kisu palepale, na angeshukuru Mungu kwa kumwokoa.

"Mama anajua?"

"Alijua kabla yangu. Aliniambia ninyamaze mpaka umalize kuhesabu mia."

Ndani kulikuwa na kimya cha watu wawili waliobana pumzi nyuma ya pazia. Kwandu alilitazama pazia, akamtazama mumewe, akajifuta uso kwa pindo la kanga. Kisha akamwuliza swali, na alimwuliza kwa Kihangaza, polepole, akichagua kila neno, ili na wale wa nyuma ya pazia walisikie vizuri: na Kisukuma, je, yeye Anatoli ataanza lini?

Anatoli alikodoa macho. Miaka tisa, na hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Kesho," alisema.

"Leo."

Alimsogezea ungo mtupu katikati yao, akainama akaokota haragwe moja sakafuni kabla kuku hajalifikia, akaliweka kwenye kiganja chake cha kulia, kile kizito, akamtajia jina lake kwa Kisukuma. Anatoli alilirudia, akakosea. Kwandu akalitaja mara ya pili, taratibu zaidi.